Njaa ya Nyamizi

Nyamizi alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, mgongo wazi, akila.

Jua la saa nne liliingia kupitia kidirisha cha paa na kumwangukia kuanzia mabegani hadi kiunoni. Ngozi yake ilikuwa ya kijani, ile rangi ya jani changa la mgomba kabla upepo haujalichana. Mumewe, Idrisa Kapera, fundi bati wa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, alikuwa amekaa mlangoni akinyoosha ukingo wa ndoo kwa nyundo ya mti.

"Baba Zena," Nyamizi alisema bila kuinua kichwa, "mwezi wa Ramadhani ukiandama, nataka uzibe hilo dirisha."

Nyundo ikasimama.

"Dirisha lipi?"

"Kwani paa letu lina madirisha mangapi?"

Idrisa alitazama juu. Alilikata dirisha lile kwa mkono wake mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, wiki ileile mkewe aliporuhusiwa kutoka hospitali. Utumbo wa Nyamizi ulikuwa umeoza na madaktari waliutoa karibu wote. Badala yake walimpa tiba ambayo siku hizo ilikuwa bado inazungumzwa kwa kunong'ona: waliziwekea seli za ngozi yake zile chembe za kijani ambazo majani huzitumia kutengenezea chakula. Tangu hapo Nyamizi alikunywa maji, akaonja uji mwepesi siku za sikukuu ili ulimi usisahau, na chakula chake chote kikawa jua. Mjini sasa walikuwapo wengi kama yeye. Waliitwa watu wa jua, na sokoni walitengewa benchi lisilo na kivuli. Watoto walikuwa wameacha kugeuka kuwatazama.

"Ukikaa bila jua utakula nini?" Idrisa aliuliza.

"Mchana sitakula. Si ndiyo kufunga kwenyewe?"

"Muulize shekhe kwanza."

"Nimeshamuuliza. Shekhe Sudi alisema jua si chakula wala si kinywaji, halipiti kooni. Nikikaa juani saumu yangu haina kasoro. Yeye ndiye mwenye elimu, sikubishana naye."

"Basi yameisha."

"Hayajaisha." Nyamizi alijifunika kanga, akakaa kitako. "Chausiku atakuwa hapo jirani anakaanga mihogo ya futari, midomo imemkauka. Wewe utakuwa unagonga bati na tumbo limeshikana na mgongo. Mimi nimejilaza hapa mchana kweupe, nimeshiba kama ng'ombe wa masika. Jioni tukikaa mkekani ninyi mnamshukuru Mungu kwa maji ya kwanza. Mimi nashukuru nini?"

"Uzima."

"Uzima naushukuru kila siku. Nataka njaa, baba Zena. Ramadhani tatu nilikuwa mgonjwa, nikanyamaza. Mwaka huu nina nguvu."

Idrisa aliigeuza ndoo mikononi. Alikuwa akikumbuka masika yaliyopita, mawingu yalipotanda siku nyingi mfululizo na Nyamizi akaanguka kando ya tangi la maji. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama kopo. Alimbeba hadi hospitali akisoma kila dua aliyoijua, na nyingine alizitunga njiani.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri. Lakini ngazi ipo nyuma ya banda."

*

Jumatatu na Alhamisi, baada ya swala ya Magharibi, Idrisa alikwenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi ya mtaa. Aliacha shule akiwa darasa la nne. Alirudi akiwa na mvi kwa sababu siku madaktari walipomweleza tiba ya mkewe, aliitikia kwa kichwa kila neno na hakuelewa hata moja, kisha akatia saini. Aliona si haki mtu kumtilia saini mkewe bila kujua anatia saini nini. Kila jioni kabla ya kufungua daftari aliomba Mungu amzidishie elimu, na Mungu alimzidishia polepole.

Jioni hiyo Mwalimu Pendael alikuwa ameleta hadubini. Kwanza aliwaonyesha utando mwembamba wa kitunguu. Mzee Makoye, aliyekuwa na kitalu cha miche ya nyanya kule Kiloleni, alitangulia kuinama.

"Kumbe kitunguu ni ukuta wa tofali," alisema. "Na fundi wake hakulewa. Angalieni mistari."

Kisha mwalimu akaomba mtu ajikwangue ndani ya shavu kwa kijiti. Chausiku, jirani yake Idrisa, akajitolea.

"Msinicheke. Mchana nilikula dagaa."

"Tutawaona humo humo," Makoye akasema.

Seli za shavu hazikupangika. Zilitawanyika kama chapati zilizotupwa mezani na mtu mwenye hasira, na kila moja ilikuwa na nukta katikati. Idrisa alizichora kwa uangalifu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Anzeni na yanayofanana," Mwalimu Pendael alisema. "Kitunguu na Bi Chausiku. Kila seli ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Kila seli ina kiini, ile nukta, kinachotunza maagizo ya mwili. Na ndani yake mna mitokondria, vidogo hata hadubini hii haivionyeshi. Hivyo ni majiko. Vinachoma sukari ili ipatikane nguvu. Mmea una jiko, mnyama ana jiko."

"Na tofauti?" Chausiku aliuliza. "Maana mimi sitaki kuishia kuwa kitunguu."

"Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Ndiyo maana umeona tofali. Katikati ina kiriba kikubwa cha maji. Na kwenye majani ina kloroplasti, zile chembe za kijani, zinazotengeneza sukari kwa mwanga wa jua."

Makoye alikuna kidevu. "Kwa hiyo sisi tuna jiko, hatuna shamba. Jani lina jiko na shamba."

"Umesema vizuri kuliko kitabu, mzee wangu."

Idrisa aliweka kalamu chini. "Na mke wangu, mwalimu?"

Wote walimjua Nyamizi.

"Seli za Mama Zena ni za mnyama kama zetu," mwalimu alisema kwa upole. "Hazina ukuta. Ndiyo maana anainama, anacheka, moyo wake unapiga. Alichoongezewa ni shamba tu."

"Akikaa gizani?"

"Jani likikaa gizani jiko haliachi kuwaka. Mchana na usiku linachoma sukari, kama wewe na mimi. Gizani linakula wanga lililouweka akiba. Akiba ikiisha linanyauka. Na shamba la Mama Zena ni changa, mzee Kapera. Akiba yake si kubwa."

Idrisa aliandika hayo yote. Mwalimu akaendelea na somo. Alitoa vipande vya nailoni vya rangi mbalimbali na kuviweka mbele ya taa, kimoja baada ya kingine. Alisema mwanga mweupe umechanganyika rangi zote, na jani halizipendi sawasawa. Linafyonza zaidi nyekundu na bluu. Ile ya kijani linairudisha sehemu kubwa, na hiyo inayorudishwa ndiyo macho yetu yanayoiona.

"Ndiyo maana kitalu changu nimekifunika nailoni ya zambarau," Makoye alisema. "Nyekundu na bluu zinapita humo. Mtu akiingia anaona giza, anauliza kama mvua inakuja. Miche yenyewe inanenepa tu. Usiku naiwashia taa za rangi hiyo hiyo."

Walipotoka, Idrisa alimfuata Makoye hadi kwenye baiskeli yake na kumwomba kipande cha nailoni hiyo. Makoye aliahidi kukileta kesho yake. Hakuuliza cha nini.

*

Siku chache kabla ya mwezi wa Shaabani kwisha, Idrisa alipanda juu ya paa. Kulia kwake aliweka kipande cha bati. Kushoto aliweka nailoni ya zambarau aliyoikunja mara mbili hadi ikawa nyeusi kama wino.

Alikuwa amelipima jambo lile siku nzima. Akipiga bati, Nyamizi angekuwa na giza na njaa ya kweli, na pengine angeanguka tena. Akipiga nailoni, Nyamizi angelala katika giza la jioni, aamini amefunga, na ngozi yake ingeendelea kula kimyakimya. Nia yake ingebaki safi. Shekhe alikwisha kusema jua halifunguzi, basi saumu yake isingeharibika. Nani angeumia? Idrisa aligeuza swali hilo huku na huku na hakumwona mtu wa kuumia.

Chini, Nyamizi alikuwa ameishika ngazi.

"Nimefurahi, baba Zena," alisema. "Nilidhani utanikatalia. Mungu akulipe. Wewe ndiye utakayejua kwamba nimefunga kweli."

Idrisa aliitandaza nailoni juu ya tundu. Akaushika msumari kwa vidole viwili, akainua nyundo. Katika miaka yote ya ufundi hakuwahi kupiga msumari wa kwanza wa kazi bila kusema Bismillahi. Baba yake alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kupima. Alifungua mdomo. Neno halikutoka.

Alijaribu tena. Alijua vizuri kwa nini halitoki. Hakuweza kulitaja jina la Mungu juu ya kazi aliyokusudia kumdanganyia mja wake aliyekuwa akimwomba.

Akabaki juu pale, nyundo hewani, jua likimchoma shingo.

"Kuna nini?" Nyamizi aliuliza.

"Ninashuka."

Alishuka na nailoni mkononi, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akamweleza kila kitu bila kupunguza: darasa, rangi, kitalu cha Makoye, na alichotaka kufanya. Nyamizi alisikiliza akiigeuza nailoni mikononi.

"Ulitaka kuninywesha uji usingizini," alisema hatimaye.

"Nilitaka usife."

"Najua ulitaka nisife. Lakini ungekaa na mimi mkeka mmoja mwezi mzima, jioni unaniambia Mungu aikubali saumu yako?"

"Ndiyo."

"Ungeweza?"

"Msumari wa kwanza tu umenishinda."

Nyamizi alikuwa amekasirika, na Idrisa aliliona hilo katika taya zake. Kisha mkewe akainua nailoni, akaiweka machoni, akautazama uwanja.

"Kweli giza," alisema. "Kuku wa Chausiku kawa mweusi." Akaiteremsha. "Hii inanilisha ingawa sioni kitu. Sasa niambie, mwanafunzi. Ipo rangi ya kuniachia nione bila kunilisha?"

Idrisa alifikiri. "Ya kijani. Mwalimu alisema jani linairudisha. Si yote, kidogo itaingia."

"Kidogo hainishibishi. Basi funika kijani. Si lazima nikae gizani kama gunia la viazi."

"Na nguvu utapata wapi? Hata mimi nakula daku kabla sijafunga."

Wazo liliwajia wote wawili pamoja. Nyamizi ndiye aliyetangulia kulisema.

"Makoye usiku anawasha nini kitaluni?"

"Taa," Idrisa alisema polepole. "Taa za zambarau. Jani haliulizi mwanga umetoka wapi."

"Basi na mimi nitakula daku. Na jioni nitafuturu."

Furaha ilimpanda Idrisa, na hofu ikapanda nyuma yake. "Na ukianguka?"

"Twende kwa daktari, mimi na wewe. Akikataa, nitakaa juani kama alivyosema shekhe, na sitakuuliza tena. Mungu amenipa ruhusa, nitaipokea. Lakini hajanikataza kutamani."

*

Daktari Kwilasa alikuwa wa umri wa binti yao Zena, na aliwasikiliza akiwa amekunja mikono. Aliuliza taa ina nguvu gani, itakaa umbali gani na mgongo, itawaka muda gani alfajiri na jioni. Yale ambayo Idrisa hakuyajua alisema kwamba hayajui. Mwishowe daktari alimvisha Nyamizi bangili nyembamba iliyosoma sukari ya mwili kupitia ngozi: kijani maana yake ipo ya kutosha, manjano inapungua, nyekundu ni hatari. Akawataka wajaribu siku moja kwanza, pale pale wodini, mbele ya macho yake. Bangili ilikaa kijani hadi baada ya adhuhuri, ikaingia manjano, ikabaki hapo.

"Mama, nakupa sharti moja," alisema. "Ikiwa nyekundu, unatoka nje juani hapo hapo na unafunua mgongo. Hata kama imebaki dakika moja muadhini afungue kinywa."

"Mungu hakunituma nikafe, daktari."

"Nataka kusikia umekubali."

"Nimekubali."

"Na wewe mzee?"

"Mimi nitamtoa kwa mabavu," Idrisa alisema.

"Kwa mgongo gani huo?" Nyamizi akamuuliza, na daktari akainama kuficha tabasamu.

*

Mwezi ulipoandama, waliamka kwa daku. Idrisa alining'iniza taa ya Makoye kwenye boriti, akaiwasha. Chumba kikajaa mwanga wa zambarau. Alijipakulia ugali na mlenda wa jana. Nyamizi alikaa mbele yake, mgongo kwenye taa, kanga imeshushwa, akinywa maji kwa mafunda madogo madogo.

Idrisa alimega tonge, kisha akasahau kulitia mdomoni.

"Nini?" Nyamizi aliuliza.

"Hebu jitazame mkono."

Chini ya taa ile hapakuwa na kijani cha kurudishwa. Ngozi ya Nyamizi ilikuwa nyeusi, nyororo, kama ilivyokuwa siku alipomwoa. Nyamizi aliugeuza mkono wake, kiganja na nyuma ya kiganja. Akausogeza karibu na wa mumewe uliokuwa na mlenda, akalinganisha, akaurudisha.

"Kula," alisema. "Adhana iko karibu."

Walitia nia pamoja. Idrisa alizima taa.

Mchana mwanga uliingia kupitia bati la plastiki la kijani alilolipiga juu ya tundu, safari hii kwa Bismillahi iliyotoka bila kusukumwa. Ukuta ulikuwa kijani, mkeka kijani, kanzu nyeupe ya Idrisa kijani, na alipotazama mikono yake mwenyewe aliona nayo imekuwa ya watu wa jua. Nyamizi alikaa akimenya karanga za futari ya Chausiku. Adhuhuri waliswali. Idrisa alirudi kwenye ndoo zake, lakini hakukaa mbali na mlango, na kila mara alikohoa ili apate sababu ya kuchungulia.

"Ukikohoa tena nitakupeleka kwa Daktari Kwilasa," Nyamizi alisema.

Alasiri ilipita. Mikono ya Nyamizi ilianza kwenda taratibu juu ya ungo wa karanga. Kisha ikasimama.

"Baba Zena."

Nyundo ilianguka. Idrisa alikuwa ndani kabla haijatulia. "Bangili?"

"Ya manjano. Haijaguswa na nyekundu. Siyo hiyo." Nyamizi alikuwa ameweka kiganja tumboni, juu ya kovu, na kichwa chake kimeinama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Harufu ya mihogo ya Chausiku ilikuwa imepenya mlangoni. "Mate yamenijaa mdomoni. Na humu ndani kunavuta." Alimtazama mumewe, na macho yake yalikuwa na maji. "Nilikuwa nimesahau inavyokuwa. Nina njaa, Idrisa. Nina njaa kama watu."

Idrisa alikaa chini kando yake. Akasema Alhamdulillahi, na Nyamizi akaitikia kwa neno hilo hilo. Wakamalizia karanga pamoja, yeye akimenya mbili na mkewe moja, hadi bati la juu likafifia na rangi ikaondoka chumbani.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, Nyamizi aliinua kikombe, akasoma dua yake, akanywa maji. Idrisa aliweka tende mdomoni, na mkono wake mwingine ukaenda moja kwa moja kwenye swichi ya taa.

"Acha kwanza," Nyamizi alisema.

"Kufuturu kunaharakishwa."

"Maji nimekunywa, nimeshafuturu. Angalia bangili, ni manjano bado." Alimshika mkono na kuushusha taratibu mkekani, akauweka chini ya wake. "Taa utaiwasha sasa hivi. Acha niisikie hii njaa kidogo tu, halafu uiondoe."